Kipa amegongana na nani? Maswali ya wasomaji kuhusu "mwenzake" na "mwenza"

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni kijana wa Morogoro, naandika taarifa za michezo za kusomwa redioni. Juzi niliandika: "Kipa aligongana na mchezaji mwenzake, akatolewa kwa machela." Mhariri wangu akafuta "mwenzake" akaweka "mwenza", akasema "mwenzake" ni lugha ya barazani, habari inataka "mchezaji mwenza". Kaka mmoja hapa ofisini naye anasema vyote viwili tuviache, tuandike "mwanatimu". Mtu mnayecheza naye timu moja aitweje?
Mtangazaji chipukizi, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimesahihisha kurasa za michezo za gazeti moja la Dar es Salaam kwa miaka mingi, na swali hili lilikuwa likija mezani kwangu kila msimu wa ligi ukianza, kwa hiyo niwie radhi nikilijibu kwa kirefu. Mhariri wako amesikia kasoro ambayo kweli imo ndani ya sentensi yako. Ila neno alilolibandika haliiondoi.

Tuanze na "mwenzake" lenyewe. Ni "mwenzi wake", maneno mawili yaliyogandana zamani yakawa moja. Mwenzi wangu ikawa mwenzangu, mwenzi wetu ikawa mwenzetu, na wingi wake wenzangu, wenzako, wenzake, wenzetu, wenzenu, wenzao. Mwenye mwenzi tayari yumo ndani ya neno. Huwezi kutamka "mwenzake" pasipo kuwepo mtu wa kwanza wa kumhusisha naye, na hilo ndilo linalolifanya neno hili litufae sana uwanjani. Msikilize mchezaji yeyote anapowekewa kipaza sauti baada ya mechi, jasho bado linamtiririka: "Kwanza namshukuru Mwenyezi Mungu, namshukuru mwalimu, nawashukuru na wachezaji wenzangu kwa ushirikiano walionipa." Hakuna aliyemfundisha kusema hivyo. Kiswahili kilimpa neno kabla hajajua kufunga kamba za viatu, na hapo hapo ubaraza siuoni.

Sasa kasoro iko wapi? Mwenzi ni mtu aliye katika hali moja nawe. Hali gani hiyo, neno lenyewe halisemi. Bondia akimwangusha bondia mwenzake, aliyeanguka ni mpinzani wake, na kila msomaji ameelewa. Nilikulia Tanga, na barazani kwetu wazee walicheza bao kila alasiri, kila mmoja na kete zake 32. Mtu akiharakisha mkono aliambiwa, "Ngoja mwenzio acheze." Huyo mwenzio ndiye aliyekuwa akitafuta kila njia mstari wako wa mbele ubaki mtupu. Mwenzio ni mtu mnayecheza naye, na katika bao mnayecheza naye ndiye mnayepambana naye.

Kwenye mpira zimo hali mbili kwa pamoja. Wote 22 ni wachezaji, kwa hiyo kila mmoja ni mchezaji mwenzake wa wale 21 waliobaki. Halafu 11 kati yao wana jezi moja. Ukiandika "aligongana na mchezaji mwenzake", msikilizaji aliyeko jikoni akichambua mchele hajui kama kipa amevaana na beki wake au amevaana na mshambuliaji wa wageni. Kule kwenye meza yetu nilikuwa nikikutana na sentensi ya aina hiyo mara kwa mara: "Alioneshwa kadi nyekundu kwa kumpiga kiwiko mchezaji mwenzake." Wa timu yake? Basi hiyo ni habari kubwa ya ukurasa wa mbele. Wa timu pinzani? Hiyo ni habari ya kila Jumamosi.

Kinachoamua mara nyingi ni kitenzi. Ukisema winga alimtazama mwenzake akampa pasi, hakuna wa kuuliza, kwa sababu hakuna anayempa mpinzani pasi kwa makusudi. Kupongeza, kubadilishana nafasi, kumpisha mwenzake apige penalti, yote hayo hufanywa kwa mtu wa upande wako. Kukaba na kucheza rafu hufanywa kwa mtu wa upande wa pili, na huyo mwite mpinzani. Shida iko kwenye vitenzi vya katikati kama kugongana, kuzozana, kusukumana, kuumizana. Hapo usimwachie msikilizaji kazi yako. Taja upande: "Kipa aligongana na beki wake." "Kipa aligongana na mwenzake wa timu." Au "na mshambuliaji wa wageni." Mimi hupenda ile ya kwanza, maana kutaja nafasi ya mtu uwanjani kunampa msikilizaji picha, na "wake" inamaliza ubishi.

Mhariri wako anataka "mwenza". Neno hili nalo ni la ukoo huo huo, lakini limeshika kazi nyingine. Kumbuka Uchaguzi Mkuu wa Tanzania wa 2015. Samia Suluhu Hassan alikuwa mgombea mwenza wa John Magufuli. Edward Lowassa alikuwa mgombea mwenzake Magufuli. Isome tena polepole. Mgombea mwenza alikuwa naye kwenye karatasi moja ya kura, akiomba kuwa makamu wake. Mgombea mwenzake alikuwa akitafuta kiti kile kile. Ukizichanganya hizo mbili kwenye taarifa ya habari umeharibu siasa ya nchi nzima.

Kwa hiyo "mwenza" husimama pale watu wanapogawana jambo moja. Wenyeviti wenza wamegawana kiti, waandishi wenza wamegawana kitabu, wake wenza wamegawana mume, na hali yao ina jina lake la zamani, ukewenza. Agosti 2025 Kenya, Tanzania na Uganda zilikuwa wenyeji wenza wa CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, na zitakuwa hivyo tena kwa AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ya 2027. Ukifuata mantiki hiyo, mhariri wako ana hoja, kwa kuwa wachezaji wa timu moja nao wamegawana jezi. Ndiyo maana sitasema "mchezaji mwenza" ni kosa. Kwenye mkataba, kanuni za chama au takwimu linaweza kukaa bila kumkera mtu.

Lakini turudi kwenye sentensi yako. "Kipa aligongana na mchezaji mwenza." Mwenza wa nani? Mwenye mwenza ametoka ndani ya neno, sasa itabidi umrudishe: "mchezaji mwenza wake." Umeandika maneno matatu kupata kile ambacho "beki wake" kingekupa kwa mawili, na sikio bado linasubiri kuzoea. Tena kuna jambo ambalo vijana wanalijua kuliko wahariri. Nenda kliniki ya wajawazito popote Tanzania, mama ataambiwa aje na mwenza wake. Mwenza siku hizi, katika masikio ya watu wengi, ni mume, mke au mpenzi. Kijana wa miaka 18 aliyefunga bao lake la kwanza hawezi kusema mbele ya kamera "namshukuru mwenza wangu kwa krosi" akategemea mtaa wake umwelewe anavyotaka. Atasema "mwenzangu", na ataeleweka kuanzia Mtwara hadi Mombasa.

"Mwanatimu" sina ugomvi nalo. Linafaa kwa wote kwa pamoja, wanatimu, wakiwemo daktari na mtunza vifaa ambao si wachezaji. Kwa mtu mmoja linaelea: mwanatimu wa timu ipi? Utajikuta unaandika "mwanatimu mwenzake", yaani umerudi pale pale kwa "mwenzake".

Neno linalotangulia ndilo hutaja hali, na hapa mwandishi wa michezo ana utajiri ambao wengi wanauacha bure. Novemba 2015, TP Mazembe ya Lubumbashi ilipoifunga USM Alger ikachukua Ligi ya Mabingwa Afrika, Mbwana Samatta na Thomas Ulimwengu walikuwa kwenye klabu hiyo moja. Ukiandika "Samatta na Mtanzania mwenzake Ulimwengu", umetaja nchi. Ukiandika "Samatta na mshambuliaji mwenzake Ulimwengu", umetaja kazi. "Samatta na mwenzake wa Mazembe" inataja klabu. Mtu ni yule yule, lakini kila neno linamsogeza msomaji upande mwingine, kwa hiyo chagua lile ambalo habari yako inalihitaji. (Mashabiki wa Lubumbashi nao wanaongea Kiswahili, cha kwao, na kwao wachezaji wale walikuwa "benzetu". Mizizi ile ile.) Na jina likiwepo, usiongeze kitu. Machi 1, 2020, Wembley, fainali ya Kombe la Ligi, Aston Villa dhidi ya Manchester City: Anwar El Ghazi wa Villa akachonga krosi, Samatta, wakati huo naye akiwa Villa, akajirusha akaipiga kichwa, wavuni. Villa walipoteza 2-1. "Samatta alifunga kwa krosi ya mwenzake El Ghazi." Inatosha kabisa. "Mchezaji mwenza wake katika klabu hiyo" ni mzigo.

Niruhusu nitoke kwenye mpira kidogo, maana riadha ndiyo iliyonifundisha neno hili kuliko kitu kingine. Mwaka 2002, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Manchester, Wakenya watatu walizoa medali zote za mita 3,000 kuruka viunzi na maji: Stephen Cherono dhahabu, Ezekiel Kemboi fedha, Abraham Cherono shaba. Wenzake, wenzake, wenzake. Mwaka uliofuata Stephen alihamia Qatar, akaitwa Saif Saaeed Shaheen, na kwenye mashindano ya dunia mjini Paris akamshinda Kemboi, safari hii kwa bendera nyingine. Abraham, ndugu yake wa damu, alikuwamo kwenye fainali hiyo akiikimbilia Kenya. Ungeandikaje? "Kemboi ashindwa na Mkenya mwenzake" ingekuwa si kweli. "Ashindwa na mwenzake" ingewachoma Wakenya wengi waliokuwa bado na uchungu. "Ashindwa na mwenzake wa zamani" ndiyo iliyobeba ukweli wote, ushindi na uchungu wake. Na Abraham siku ile, kwa upande wa timu, hakuwa mwenzake nduguye. Undugu ulibaki, uenzi wa timu ulikwisha.

Kisha tazama Oktoba 12, 2019, Vienna, Eliud Kipchoge anakimbia marathoni kwa saa 1:59:40. Wanariadha 41 walipokezana kumwekea kasi. Walikuwamo Bernard Lagat aliyeiwakilisha Marekani na ndugu watatu wa Ingebrigtsen kutoka Norway, watu ambao siku nyingine wangekuwa wapinzani wa Wakenya. Asubuhi ile kuwaita "wenzake" ni sawasawa kabisa, kwa sababu kila hatua waliyopiga ilikuwa kwa ajili yake. Mwenzake hupimwa kwa kazi inayofanywa pale, saa ile. Kiungo wa Simba na beki wa Yanga ni wapinzani wakati wa dabi ya Kariakoo. Wakiitwa kambi ya Taifa Stars wiki inayofuata ni wenzake, na mwandishi atumie neno hilo bila kusita.

La mwisho kwako, kwa kuwa nalisikia redioni kila siku: "wachezaji mwenzake". Hapana. Wachezaji ni wengi, basi na wenzi wao ni wengi: wachezaji wenzake. Mchezaji mwenzake, wachezaji wenzake. Mpelekee mhariri wako salamu, na sentensi yako isomwe hivi: "Kipa aligongana na beki wake, akatolewa kwa machela."

SWALI: Hujambo Bi. Mhariri? Ninafanya kazi katika shirika moja hapa Nairobi. Mkubwa wetu ameamua barua zote za ndani ziandikwe Kiswahili, na mimi ndiye mwandishi wake. Nilianza barua kwa "Wafanyakazi wenza wapendwa". Wengine wamesema inasikika vibaya lakini hawajui kwa nini. Nianzeje?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Sijambo, dada. Wanasikia vizuri. "Wafanyakazi wenza" inaleta picha ya watu wawili waliogawana kazi moja, mmoja asubuhi, mwingine jioni. Anza kwa "Wafanyakazi wenzangu" ikiwa barua inatoka kwa mtu mmoja, au "Wafanyakazi wenzetu" ikiwa inatoka kwa uongozi. Kama ofisi yenu ni ya watu wanaofahamiana, "Wenzangu wapendwa" inatosha, na ina joto zaidi.

Ila chunga "wenzetu". Neno hili lina pande mbili, nami nimeliona likichafua hewa ofisini pasipo mwandishi kukusudia. "Wenzetu waliofiwa" linakumbatia. "Wenzetu wa idara ya fedha wamechelewesha malipo" linasukuma nje: linasema sisi tuko huku, wao wako kule. Ni "wenzetu" ile ya watu wanaposema "wenzetu wa Ulaya wana treni", ambapo mwenzetu ni mtu asiye mmoja wetu. Watu wa fedha wakiisoma watajua wametengwa, hata kama kila neno ni la heshima. Andika "Idara ya Fedha imechelewesha malipo" na uwaache na kosa lao bila kuwaondoa kwenye familia.

Tena kuna uzuri mmoja ambao Nairobi sijui kama mnautumia sana, lakini Pwani ni wa kila siku. Mtu anayetaka kusema habari yake mwenyewe kwa unyenyekevu hujiita mwenzio au mwenzenu. "Mwenzenu nimeuguliwa na mtoto, naomba mnivumilie kesho." Hajasema "mimi". Amejiweka kwanza mikononi mwa wanaomsikiliza, ndipo akaomba. Mchezaji aliyekaa benchi mwezi mzima akiulizwa anajisikiaje, "Mwenzenu nilikuwa nimeshakata tamaa" inaeleza zaidi ya dakika nzima ya takwimu. Mkubwa wako akiwa na jambo zito la kuomba kwa wafanyakazi, kwa mfano kupunguza saa za ziada, mwandikie "mwenzenu" mahali pamoja tu. Asiitumie kutoa amri, itanuka unafiki.

SWALI: Assalaam alaykum. Mwanangu yuko darasa la tano hapa Unguja. Kwenye insha ya mpira aliandika "alimpasia mwenziwe" na "wenziwe wakashangiria". Mwalimu amepiga mstari mwekundu pote pawili na kumkata alama. Sisi nyumbani tunasema hivyo tangu enzi za bibi zetu. Je, ni kosa?
Mzazi, Unguja

JIBU: Waalaykum salaam. Si kosa. Mwenziwe ni mwenzi wake, imefupishwa kwa njia nyingine ya zamani, ile ile iliyotupa mkewe, mumewe, nduguye, na kwa mtu wa pili mkeo, mumeo, nduguyo, mwenzio. Magazeti ya Bara yanaandika "mkewe" kila wiki na hakuna mwalimu anayeyapigia mstari mwekundu. Anayeikubali "mkewe" hana msingi wa kuikataa "mwenziwe". Na "mwenzio" sote tunayo mdomoni kila tunaposema usisafirie nyota ya mwenzio, mzee wa Dodoma na wa Makunduchi sawia.

Ninachoweza kumpa mwalimu ni hiki tu: kwenye insha moja ni vizuri mtoto ashike njia moja. Akianza na "mwenziwe" aende na "wenziwe" hadi mwisho, asichanganye na "wenzake" mistari miwili mbele. Kwa hizo sentensi mbili ulizonitajia, mwanao ameshika njia moja. Hilo "kushangiria" kwa "kushangilia" ndilo la kusahihishwa, na kama mstari mwekundu ungepigwa hapo tu, ningekuwa upande wa mwalimu. Mchukue mtoto na daftari lake, mwende kwa adabu, mzungumze naye faraghani na si mbele ya darasa, na muombe alama za "mwenziwe" na "wenziwe" zirudishwe.